Sato mtamu, beseni la tumbili kavu

Sijui nianze na sato au na tumbili. Nianze na sato, msije mkasema nilikwenda na roho mbaya.

Sato alikuwa mtamu. Mkubwa, amechomwa mpaka ngozi imekauka vizuri, kachumbari yenye pilipili ya kutosha, ugali wa moto. Tulikuwa sita: mimi na mume wangu, watoto watatu, na wifi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Shinyanga. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Jina la bichi silitaji. Ni moja ya hizi za nje kidogo ya mji wa Mwanza, zenye vibanda vya makuti na spika kubwa kuliko friji. Ilikuwa Jumapili, juzijuzi tu, jua lile linalogeuza mawe yetu kuwa vikaango.

Mwanangu wa mwisho ndiye aliyetuponza. Alimaliza kula mapema akaenda kuona wanyama, maana getini wameandika kwa rangi kabisa kwamba kuna wanyama. Wanyama wenyewe ni kobe wawili, bata wasio na habari na mtu, na tumbili mmoja. Akarudi ananivuta mkono. "Mama, tumbili analamba chuma."

Nikaenda. Kizimba cha nondo, sakafu ya saruji, ukubwa wake kama choo cha nyumba ya kupanga. Hakuna tawi wala kamba ya kuning'inia, na bati limefunika nusu tu. Tumbili, mnyama wa kuishi kundi zima, yuko peke yake. Singeli inapigwa hapo karibu mpaka kifua kinatetemeka. Anakwenda pembe ile, anarudi pembe hii, anakwenda, anarudi, mwendo uleule, halafu anasimama kulamba nondo. Beseni lake limepinduka. Kavu, na maganda ya ndizi yamegandia pembeni.

Nikageuka nyuma, ziwa lile pale. Nilipima kwa miguu yangu, hatua 34. Ziwa kubwa kuliko yote Afrika, mji mzima tunakula na kunywa kwalo, na huyu kiu imemfikisha kulamba chuma! Nyuma ya jiko, juu ya mawe, pimbi walikuwa wamejianika, wakitaka kushuka wanashuka. Yeye anawatazama tu.

Nikamwita kijana anayezungukia mabanda. Shikamoo mama, marahaba. Nikamuuliza habari ya maji. Akatazama nyuma kwanza, kisha akaniambia polepole, "Tumeambiwa tusimjazie, mama. Akinywa sana anakojoa, wageni wanalalamikia harufu." Nilikosa la kumjibu. Yule kijana simlaumu, ametumwa tu.

Nikanunua chupa kubwa ya maji, nikaliinua beseni kwa kijiti kupitia kwenye nondo, nikamimina. Alikunywa ameinamisha uso, hakuinua kichwa hata watoto walipoanza kushangilia. Hapo ndipo msimamizi akaja. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, salamu hana.

"Mama, umekuja kula samaki au umekuja kukagua?"

Nikamwambia ni maji tu, baba. Akasema nachafua banda. Kama namhurumia sana, ndizi zinauzwa pale, elfu moja. Wifi yangu, ambaye kwa kawaida ni mpole, akamuuliza kwa nini wasimwachie tu. Jamaa akacheka: "Mnyama wa banda ukimwachia anakufa. Hamjui nyie."

Hamjui nyie! Mtu yuko Mwanza, ziwa hilihili, Rubondo hajaisikia? Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa pale sokwe 17 kutoka Ulaya, wanyama waliozoea vizimba, wakaachiwa kisiwani. Vizazi vyao viko porini mpaka leo. Na Saanane hapo jirani, boti dakika chache tu kutoka mjini, ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, na tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Tumbili wa kule wanaruka kwenye mawe yao. Sawa, sokwe si tumbili, na wale waliachiwa na watu wanaojua wanachofanya, si kufungua mlango na kusema nenda. Hilo nakubali. Lakini mimi sikuomba hata afunguliwe. Niliomba maji.

Tukarudi mezani, hamu imekwisha. Bili ilipokuja ina mstari umeandikwa kwa kalamu: "usafi, 5,000". Usafi wa nini? Wa yale maji niliyoyanunua kwao! Mume wangu akalipa kimyakimya, hapendi ugomvi mbele ya watoto. Mimi ningebishana mpaka jua lizame.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota tatu kichwani, kwa ajili ya jiko. Mpishi hana kosa. Na labda tulikwenda siku mbaya, labda beseni amelipindua tumbili mwenyewe, maana wale nao ni watundu. Lakini mnyama akipindua beseni, si unalifunga kwa waya? Waya shilingi ngapi? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, siyo kwamba ni maneno ya mama mmoja mwenye huruma nyingi. Basi mbili. Hapana, nikiikumbuka ile elfu tano, moja.

Mume wangu anasema Jumapili turudi, sato kama yule hajampata kwingine. Mdogo anataka kwenda kumwona tumbili wake. Nimewaambia waende, ila wabebe dumu la maji. Na hiyo bili safari hii naisoma mimi.