Semina ya siku tatu kuhusu Wakristo wa kwanza, Mbeya: mwezeshaji alianza na nyama

Nilihudhuria semina hii mwezi Julai katika ukumbi wa kanisa moja lililo mwendo mfupi kutoka soko la Mwanjelwa, tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, kwa ada ya shilingi 20,000 iliyojumuisha kijitabu cha masomo, chai na chakula cha Jumamosi. Tangazo lilisema kwamba tutajifunza namna Wakristo wa kwanza walivyoshawishiwa kulegeza imani yao, nami nilikwenda nikitarajia habari za simba na viwanja vya michezo, kama tulivyosimuliwa katika mafundisho ya kipaimara. Mwezeshaji, ambaye ni mwalimu wa historia ya Kanisa, hakuwataja simba hata mara moja jioni ile. Alianza na nyama.

Alitueleza kwamba katika miji kama Korintho sehemu ya nyama iliyouzwa sokoni ilitoka hekaluni, na kwamba karamu za ndoa, za mazishi na za vyama vya mafundi zilifanyika mara nyingi mbele ya sanamu ya mungu fulani. Kisha akatupeleka Thiatira, mji alikotoka Lidia muuza zambarau. Maandishi ya mawe yaliyopatikana huko yanataja vyama vya watia rangi, wafua shaba, watengeneza ngozi, waoka mikate na wafinyanzi. Mtia rangi aliyesusia karamu ya chama chake alijitenga na wenzake wa kazi, na pengine na wateja pia. Kwa hiyo yule mwanamke ambaye Ufunuo unamwita Yezebeli, aliyefundisha kwamba kula vilivyotolewa sadaka kwa sanamu si neno, alikuwa akiwaambia watu jambo walilotamani sana kulisikia. Nimesoma sura ile miaka mingi bila kuwaza kwamba ndani yake kuna swali la riziki.

Hapo mama mmoja anayefanya biashara ya mchele aliomba kusema. Katika ukoo wao, alisema, linapofika tambiko kila mtoto huchangia fedha, na asiyechangia hujua kwamba siku ya msiba wake atabaki na majirani tu. Mwezeshaji hakukimbilia kumjibu. Alimrudisha kwenye Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ambako Paulo anaruhusu kununua nyama sokoni bila kuuliza imetoka wapi, lakini anakataza kushiriki meza ya mashetani. Yule mama akamwambia, “Mwalimu, sokoni nanunua na mezani siketi. Mchango je?” Mjadala uliofuata ulichukua zaidi ya nusu saa, ukavuka muda wa chai, na kwangu mimi ndio uliostahili ada nzima.

Jumamosi ilikuwa siku ya serikali ya Roma. Tulisoma muhtasari wa barua ambayo Pliny, gavana wa jimbo la Roma la Bithinia na Ponto (katika Uturuki ya leo), alimwandikia Kaisari Trajan mnamo mwaka 112, akieleza kwamba aliwaachia walioitoa divai na ubani mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo. Humo humo anafurahi kwamba nyama ya sadaka, ambayo ilikuwa imekosa wanunuzi, imeanza tena kuuzwa, na mwezeshaji alikuwa na haki ya kutabasamu somo lake la jana liliporudi kwa mlango huo.

Baada ya makande (mazuri, ila yalichelewa) tukafika kwa Kaisari Decius, aliyewaagiza raia wa dola nzima watoe sadaka kwa miungu na kupewa cheti chenye saini za mashahidi. Zaidi ya vyeti 40 vya mwaka 250 vimepatikana Misri, na kijitabu kina tafsiri ya kimoja: mtu anatamka kwamba amekuwa akitoa sadaka siku zote, na kwamba sasa, mbele ya wakaguzi, amemimina kinywaji na kuonja nyama. Tulipoelezwa kwamba baadhi ya Wakristo hawakutoa sadaka yoyote bali walinunua cheti kwa kutoa hongo, ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza ghafla. Nadhani kila mmoja alikumbuka karatasi fulani yenye muhuri.

Kasoro kubwa ilikuwa Jumapili. Ibada ilirefuka, nasi tukabaki na dakika 40 kwa sehemu niliyoisubiri kuliko zote, yaani habari za walioanguka, waliokubali shinikizo wakati wa mateso, na namna walivyopokelewa tena. Askofu Sipriani wa Karthago (Afrika ya Kaskazini), mtaguso wa maaskofu wa mwaka 251, kasisi Novatian wa Roma aliyepinga huruma ya kuwapokea tena, Kaisari Diocletian na Maandiko Matakatifu yaliyosalimishwa kwa serikali kuanzia mwaka 303, mgogoro wa Wadonatisti (waliowakataa viongozi waliosalimisha maandiko hayo): yote yalipita kama basi lisilosimama kituoni. Yule mama wa mchele aliuliza kama aliyenunua cheti na aliyetoa sadaka walihesabiwa sawa, lakini jibu lake lilikatwa na matangazo. Kijitabu kinalo, kwa nusu ukurasa uliochapwa kwa wino hafifu: mtaguso uliwatofautisha, wenye vyeti wakafikiriwa mmoja mmoja kwa kurudishwa ushirikani, ilhali waliotoa sadaka waliachwa katika toba, wapokewe wakiwa karibu kufa. Baadaye, mateso mapya yaliponukia, sharti hilo lililegezwa.

Wazee wa kanisa na walimu wa Jumapili watanufaika zaidi na semina hii kuliko mtu anayetafuta mahubiri ya kutia moyo. Ukienda, vaa sweta, maana madirisha ya ukumbi hayafungi vizuri. Waandaaji wakiongeza Jumapili ya pili kwa ajili ya walioanguka, mimi nitaongeza shilingi 10,000 bila kunung'unika.