Google Search Console kwenye tovuti ya mapishi: uzoefu wangu

Nianze na jambo ambalo wauza huduma za mtandaoni hawapendi kulisema: Google Search Console haitakuletea msomaji hata mmoja. Ni ya bure, mpaka 2015 ilikuwa ikiitwa Webmaster Tools, na kazi yake ni kukuonyesha Google inavyoiona tovuti yako. Kurasa zipi imezichukua, zipi imeziacha, watu waliandika nini walipokuwa wanatafuta, wangapi walikuona na wangapi walibofya. Basi. Lakini kwa sisi tunaoendesha tovuti za Kiswahili peke yetu, bila ofisi wala timu, sijapata chombo kingine kinachoniambia waziwazi kama tovuti inakua au inavimba tu.

Yangu ni ya mapishi ya pwani: kaimati, vibibi, mkate wa kumimina, pweza wa nazi, biriani na ndugu zake. Wasomaji wengi wako Tanzania na Kenya, wanafuata wa Oman, halafu Uingereza na Marekani, ambako mtu anataka kupika kitu cha nyumbani saa ambazo mama yake amelala na hawezi kumpigia simu.

Ripoti ninayoifungua zaidi ni ile ya matokeo ya utafutaji. Ina vipimo vinne: mibofyo, maonyesho (mara ngapi umetokea kwenye matokeo), asilimia ya waliobofya na wastani wa nafasi uliyoshika kwenye orodha ya matokeo. Wageni wote hukimbilia huo wastani, na ndio unaodanganya kuliko vyote. Ukiandika ukurasa mpya mzuri, Google huanza kuuonyesha kwa maneno mengi ambayo hukuwahi kutokea, mwanzoni ukiwa mbali huko nafasi ya 40 au 60. Maonyesho hayo yote yanaingizwa kwenye hesabu, wastani wa tovuti nzima unashuka, na mwenye tovuti anapata presha bure. Mimi huangalia wastani wa neno moja kwenye ukurasa mmoja, ule wa jumla siusumbukii.

Mfano ni ukurasa wa kaimati. Niliuchuja peke yake nikaona juu kabisa "jinsi ya kupika kaimati", maonyesho kibao, mibofyo kiduchu, na nafasi yenyewe si mbaya. Maana yake watu walikuwa wanauona na kuupita. Kichwa kilikuwa na mbwembwe za Ramadhani bila kumwambia mtu kwamba humo ndani kuna vipimo vya unga na hamira. Nikashuka chini kwenye orodha nikakuta "kwa nini kaimati zinanyonya mafuta". Hilo sikuwa nimelijibu popote, na ni swali la haki kabisa: unga ukiwa mwepesi mno au mafuta hayajapata moto sawasawa, kaimati zinakunywa mafuta kama sifongo. Nikaongeza aya ya hilo, kichwa nikakiandika upya kikataja vipimo, na leo ukurasa ule ni miongoni mwa zinazosomwa sana hata nje ya mwezi wa mfungo. Nani angeniambia? Kwenye maoni watu huandika "asante dada, tamu sana" na kwenda zao.

Kwa tovuti kama yangu, kulinganisha vipindi kunataka akili kidogo. Chombo kinakuruhusu kulinganisha mwaka huu na mwaka jana, lakini tarehe zake ni za kalenda ya kawaida, na Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma kama siku 11. Mwaka 2024 ilianza karibu na katikati ya Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaingia Februari. Ukilinganisha Machi na Machi utadhani tovuti imekufa. Inabidi uweke tarehe mwenyewe, kuanzia wiki moja kabla ya mwezi kuandama, kwa sababu watu huanza kutafuta futari kabla ya kufunga. Halafu kuna hili: data inakaa miezi 16 tu. Inatosha kuiona Ramadhani iliyopita, ile ya kabla yake imeshafutika. Kwa hiyo kila Idi ikipita napakua jedwali naliweka kwenye kompyuta yangu.

Faida ya kutunza majedwali hayo niliiona pia kwa habari ya Mei 2024. Mstari wa Tanzania uliporomoka ghafla, wa Kenya ukayumba, ila Oman na Uingereza zikabaki palepale. Huhitaji mtaalamu hapo: tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya ukanda huu ikawa ya kubembeleza. Angekuwepo mtu wa kuniuzia "ukarabati wa tovuti" wiki ile angenipata kwa urahisi kama nisingechuja kwa nchi.

Sasa upande wa kurasa. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti ambayo wengi wetu tunaitumia, inatengeneza ukurasa kwa kila lebo unayoibandika kwenye makala. Ukibandika iliki, nazi, mdalasini, futari, chakula cha mchana, kila moja inakuwa ukurasa wenye makala mbili tatu zilezile. Kwenye ripoti ya kurasa nilikuta kundi kubwa lenye maelezo kwamba Google imezipitia lakini haijaziweka kwenye orodha yake, na nyingi zilikuwa hizo za lebo. Si kosa la kutisha, Google haikupi adhabu kwa hilo. Ila ni dalili kwamba tovuti inaongezeka kurasa pasipo kuongezeka kitu cha kusoma. Nikaziondoa lebo nyingi, nikaunganisha makala tatu za wali wa nazi zilizokuwa zinagombania maneno yaleyale zikawa moja, na anwani za zamani nikazielekeza kwenye mpya. Jumla ya kurasa ikapungua, mibofyo ikapanda. Mtu anayejisifu kwako kwamba tovuti yake ina makala elfu, muulize ngapi zimeorodheshwa.

Kuhusu kasi sitasema mengi. Kuna ripoti inayopima kwa watumiaji halisi wa kivinjari cha Chrome: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5 kwa angalau robo tatu ya wanaokutembelea. Kwa tovuti changa mara nyingi ripoti inakuwa tupu kwa sababu wageni hawatoshi. Kwangu mchawi alikuwa picha za biriani zilizotoka kwenye simu moja kwa moja, megabaiti kadhaa kila moja. Zilipobanwa mambo yakanyooka, na msomaji wa bando la jero akapata nafuu.

Yanayoniudhi yapo. Jedwali halikuonyeshi zaidi ya safu 1,000. Maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno yanafichwa kwa ajili ya faragha, hivyo ukijumlisha mibofyo ya maneno haifiki jumla ya juu. Kubwa zaidi, haioni kitu nje ya utafutaji wa Google. Huku kwetu kiungo cha pilau kikiingia kwenye kundi la WhatsApp la harusi kinaweza kuleta watu wengi kuliko wiki nzima ya Google, na Search Console itakaa kimya. Itabidi uwe na kihesabu kingine pembeni.

Nimalizie na umiliki, maana hapa ndipo watu wanaumia. Jamaa yangu mwenye nyumba ya wageni alitengenezewa tovuti na fundi ambaye alisajili kila kitu kwa barua pepe yake mwenyewe, kisha akawa hapokei simu. Bahati nzuri nenosiri la kikoa, yaani jina la tovuti, jamaa yangu alikuwa nalo. Tuliweka rekodi ya TXT, mstari mfupi wa maandishi wa kuthibitisha umiliki, kwenye DNS, yaani mipangilio ya kikoa, Google ikamtambua kama mmiliki, na kitu cha kwanza tulichokutana nacho kwenye ripoti kilikuwa maneno ya Kijapani na mamia ya kurasa za bidhaa zisizohusiana hata kidogo na vyumba. Tovuti ilikuwa imeingiliwa. Udukuzi wa aina hii unajulikana, na wanaoufanya wana tabia ya kujiongeza wenyewe kama wamiliki ndani ya Search Console. Kwa hiyo kusafisha faili peke yake hakutoshi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji na ruhusa, ondoa kila barua pepe usiyoitambua, kisha utafute na ufute ile faili ya HTML au rekodi waliyoitumia kujithibitisha, la sivyo wanarudi. Fundi mpya naye mpe ruhusa ya mtumiaji. Umiliki baki nao wewe.