Kupokea wanafunzi wa kigeni nyumbani: omba mmoja, usikubali wawili

Majirani wa hapa Michenzani wameshaona wazungu wakipanda ngazi kuja kwangu, basi kila siku nasimamishwa na ndoo mkononi: shoga, vipi, inalipa? Naandika hapa mara moja ili nipumzike.

Hawa ni wanafunzi wa Kimarekani wanaokuja Unguja mwezi wa Juni kusoma Kiswahili. Wangu walikuwa wakisoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, pale Vuga, ambapo sisi watu wazima bado tunapaita Takiluki, jina la zamani la chuo cha Kiswahili. Aliyewaleta kwangu si chuo, ni shirika jengine la kugawa wageni majumbani, nalo jina silitaji kwa sababu nina maneno nalo.

Pesa kwanza, maana ndiyo mnayoulizia. Inatosha chakula cha mgeni na inabaki ya kununua Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, maana mgeni anachaji kompyuta na simu na feni haizimwi. Ukitaka kutajirika, kauze urojo. Na inachelewa. Mara nyengine mgeni ameshapanda ndege na bahasha haijafika.

Watu wa shirika wanakuja kukagua chumba: komeo mlangoni, dirisha, choo, maji. Wanaleta chandarua kipya, hilo nawasifu. Halafu wanakuachia kijitabu, na hapo ndipo tulipokosana. Kijitabu kinasema mgeni asipewe kazi za nyumbani, aachiwe nafasi yake, aulizwe anachopenda kula. Yule wa mwanzo tulimfuata kijitabu hivyo hivyo, akawa anakaa ukumbini na mkoba magotini kama anayengoja kuitwa na daktari. Mwanangu wa kike ndiye aliyechoka. Akamkalisha juu ya mbuzi wa nazi, akampa kizio cha nazi, akamwambia kuna. Alikuna nazi mpaka na ganda lake, mchuzi wa samaki siku ile ulikuwa na rangi ya chai. Mume wangu aliula kimya kimya, sisi watatu tumeinamia sahani tunajizuia kucheka. Usiku ule sauti za wale wasichana chumbani sikuziweza, nilipiga ukuta mara ngapi walale.

Tangu hapo kazi walizigawana wenyewe. Mgeni anatumwa boflo asubuhi, anarudi na habari za mtaa mzima. Mwanangu alikuwa kidato cha nne, insha zake za Kiingereza akasahihishiwa. Naye akamsahihisha mwenzake Kiswahili bila huruma, hata mbele za watu. Kutoka jikoni mpaka wakawa wanaazimana kanga haikufika Ijumaa ya pili.

Julai tukamchukua Makunduchi, kusini ya Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, kwa ndugu wa mume wangu. Watu wa kule hawapendi siku ile ipite bila mgeni nyumbani, kwa hiyo wifi yangu alimpokea kama kaletewa zawadi. Mgeni aliona wanaume wakichapana migomba, akaona kibanda kikichomwa moto, vyote akaandika katika daftari. Ila nyimbo za wanawake ndizo zilizomkaa. Akaenda kumuuliza wifi maana yake moja baada ya moja. Wifi akamwambia, "Mwanangu, olewa kwanza, kisha uje nikueleze." Wenye kuzijua nyimbo zile mtafahamu.

Msimu uliofuata shirika likaniletea wawili pamoja. Wasichana wazuri, wana adabu, shikamoo kila asubuhi, sina kosa la kuwatia. Lakini jioni mlango unafungwa, Kiingereza wenyewe kwa wenyewe, filamu kwenye kompyuta, mwanangu anapita ukumbini hana wa kumsemesha. Mmoja alipokwenda Nungwi na wenzake wa darasani, yule aliyebaki alikuja jikoni siku ile ile, akachambua mchicha, akatuhadithia habari za bibi yake mpaka alasiri. Mwenzake aliporudi, mlango ukafungwa tena. Waliondoka wageni kama walivyokuja. Nimelieleza shirika, wanasema wawili ndio usalama wao. Usalama upi, wakati chini kwetu kuna baraza ya wazee wanaojua nani kaingia na nani katoka?

Mambo madogo ya kujitayarisha: maji ya kunywa wananunua ya chupa, wengine hawali nyama, lakini maharage ya nazi na mchicha hawaachi, kuoga kwa ndoo na kata unaonyesha mara moja tu, kanga mbili tatu ziwekeni tayari, na msione haya kumwambia jifunge.

Kuna wanaosema urafiki wa watu hawa ni wa msimu. Wale wawili, kweli, kimya. Yule wa mbuzi wa nazi bado anamtumia mwanangu sauti kwenye WhatsApp, ndefu, na sasa anasema "weye" kama mtu wa Makunduchi.

Huduma naipa nyota tatu kati ya tano, mbili nimezikata kwa bahasha na kijitabu. Mwaka huu nimewapa sharti: mmoja, wa kike, na pesa nusu mwanzo. Wakikataa, mdogo wangu anakuja kutoka Pemba na chumba anakitaka.