Makumbusho mazuri, ila walimfokea bibi yangu

Jina silitaji, mji wetu mdogo na tunajuana. Ni nyumba ya mawe ya zamani huku pwani, wamekusanya vyombo vya nyumbani: vinu, mitungi, taa za chemli, vitanda vya kamba. Nilimpeleka bibi siku za baada ya Idi. Njia nzima alilalamika magoti, lakini tulipoingia chumba cha jiko akasahau kama ana magoti.

Ukutani wametundika kifumbu, chini yake wameandika: "Chombo cha kuvulia samaki." Jamani! Bibi alicheka hadi machozi. Watoto wa shule waliokuwepo wakamzunguka, akawaeleza: nazi unaikuna kwenye mbuzi, unaitia maji, unaijaza kwenye kifumbu, unakamua. Tui la kwanza, lile zito la kasimile, unaliweka kando ulitie mwishoni. Jepesi ndilo la kupikia. Akanyoosha mkono awaonyeshe kinavyonyongwa.

"We mama! Huoni kibao?"

Kijana mlinzi, mdogo kuliko wajukuu zake wote. Shikamoo hana, samahani hana. Nikamwambia maelezo yenu yamekosewa. Akajibu yameandikwa na wataalamu, kama tunajua sana tukafungue makumbusho yetu. Wataalamu gani hawajawahi kula wali wa nazi? Watoto wakaswagwa nje, bibi akabaki anajifunga upya mtandio usiofunguka.

Kwa hiyo msiende. Pesa yenu nunueni nazi.

Ingawa, haki ya Mungu, ghorofani wana mfano wa mtepe, chombo cha baharini cha kale, ambao ningeweza kuutazama mchana kutwa: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, msumari hakuna hata wa dawa, na tanga lake mkeka. Ule mkubwa uliojengwa 2003 ulikuwa Beit al Ajaib, Unguja, na jumba lile sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Kwa hiyo nendeni, ila pandeni juu moja kwa moja, jikoni msikanyage.

Nilitaka kutoa nyota tatu. Dada wa tiketi alitukimbilia mlangoni, akampigia bibi magoti, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake. Kisha nikapita tena juzi, kibandiko bado kinavua samaki. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada.