Kompresa ya Karakana: Ipi Ianze, Ipi Ingoje

Wateja wengi wa kompresa, yaani mashine ya kubana hewa ya kuendeshea zana, huulizia kwanza ukubwa wa tangi. Tangi halitengenezi hewa, linaitunza tu. Cha kujiuliza ni kama zana zako zinavuta hewa mfululizo au kwa vipindi. Hapa nimepanga aina zake, kuanzia ile ya kutangulizwa, kwa ajili ya karakana inayofanya kazi mchana kutwa.

Ya kwanza ni ya skrubu, mota ya kasi moja. Rota mbili, yaani vyuma vyenye umbo la skrubu, huzunguka zikiwa zimeumana, zikibana hewa bila kuhitaji kupumzika. Alf Lysholm wa Sweden ndiye aliyeiendeleza miaka ya 1930. Atlas Copco ilianza Stockholm mwaka 1873 kwa kuunda vifaa vya reli, hewa ikaja baadaye. Kaeser ya Coburg, Ujerumani, ni ya 1919, ikatoa kompresa yake ya kwanza ya pistoni mwaka 1948, na hadi leo ni mali ya familia. Sullair ya Marekani ilizaliwa 1965 na skrubu ndiyo iliyoipa umaarufu; tangu 2017 iko chini ya Hitachi.

Ya pili ni pistoni ya hatua mbili (hewa hubanwa mara mbili), inayoendeshwa kwa mkanda. Ina kelele na inataka kupumzishwa, lakini fundi anabadilisha valvu na ringi palepale ilipo. Kwa kazi ya vipindi, ningeipandisha juu ya skrubu bila kusita. Quincy, iliyoanzia Illinois mwaka 1920, ni mmoja wa waundaji wake.

Ya tatu ni skrubu yenye mota inayobadili kasi, ambayo Atlas Copco iliiingiza sokoni mwaka 1994. Inaokoa umeme pale matumizi yanapopanda na kushuka. Kama mzigo wako ni uleule asubuhi hadi jioni, utakuwa umelipia elektroniki bure.

Aina isiyotumia oili waachie watengenezaji wa dawa na vyakula. Ni ghali.

Sasa soma kibati cha mashine. Wapo wauzaji wanaonadi ujazo ambao pistoni inasukuma, si hewa inayotoka kweli, na tofauti si ndogo. Linganisha hewa inayotoka, kwa presha ileile. Usiongeze presha kwa tahadhari tu: kila bar 1 (kipimo cha presha) ya ziada hula umeme zaidi kwa takriban asilimia 7, na katika maisha ya mashine bili ya umeme huishinda bei ya kununulia.

Angalia pia ukoo. Chicago Pneumatic na Quincy zote ni za Atlas Copco. Gardner Denver, iliyokuwa na CompAir, iliungana na Ingersoll Rand mwaka 2020. Unaweza kuletewa bei tatu ukadhani ni washindani, kumbe ni nyumba moja.

Kabla ya kulipa, omba bei ya filta na separeta (kichujio kinachotenganisha oili na hewa) ya modeli hiyohiyo. Muuzaji asipokuwa nazo stoo, ishushe nafasi moja.