Twisheni ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) huku Tabata, nampa mwalimu nne kwa tano

Wazazi wenzangu wa Kimanga na Segerea mnaoniuliza kuhusu ile twisheni ya jioni ya mwalimu mstaafu, mpelekeni mtoto tu, ila someni mpaka chini maana kuna mambo hayajakaa sawa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba mtoto hapangwi kwa darasa analosoma. Siku ya kwanza mwalimu anakaa naye pembeni, anampa karatasi yenye herufi, silabi, maneno, halafu kahadithi kafupi, anamsikiliza peke yake. Binti yangu yuko la pili na kitabu chake anakisoma anatiririka, sasa mwalimu akafunika picha kwa kiganja akamwonyesha neno moja tu katikati ya mstari, nyanya. Kimya. Akamwonyesha mbwa, akaishia "m... ba..." Kumbe kurasa zote kakariri, herufi anazijua vizuri lakini nya, mbwa, ng'o bado kabisa! Akapelekwa kundi la silabi, humo kuna wa la kwanza na kijana wa la nne, na hakuna anayemcheka mwenzake, mwalimu hataki kabisa mchezo huo.

Hesabu ni vijiti na visoda. Ukimwambia binti yangu aandike thelathini na tano alikuwa anaandika 305, mwalimu hakumfokea, alimpa vijiti afunge kumi kumi kwa rababendi, mafungu matatu na vijiti vitano pembeni, akaambiwa sasa andika ulichokiona. Akaandika 35 mwenyewe.

Na hapa niseme kidogo kuhusu nchi nzima maana linaniuma. Mpango wa kitaifa upo jamani, baada ya upimaji wa 2013 kuonyesha watoto wengi wa la pili wanasoma kwa kusuasua, mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ukabadilishwa muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, walimu wakapewa mafunzo kupitia LANES, mpango wa kukuza stadi hizo hizo, vitabu vikachapishwa. Ni kazi nzuri naiheshimu. Lakini mwalimu mwenye watoto mia kwenye chumba kimoja atamsikiliza nani peke yake? Wote wanafungua ukurasa mmoja, aliyekwama kwenye silabi anaitikia na wenzake mpaka anafika la nne. Mkakati wowote unaokuja mimi naomba uweke hili mbele, mtoto apimwe, awekwe kwenye kundi la kiwango chake hata lisaa limoja kwa siku, na mwalimu apewe msaidizi.

Bei ni buku (shilingi elfu moja) kwa siku, kuanzia saa kumi mpaka kumi na mbili jioni, Jumamosi hakuna. Kila Ijumaa mtoto anarudi na daftari limeandikwa anachoweza na anachokwama, sio alama tupu.

Kasoro sasa. Banda ni la bati, joto lake sio la kitoto, na sifa zimesambaa hivyo watoto wamekuwa wengi mno, kundi la silabi limejaa na kule kusikilizwa mmoja mmoja kumeanza kupungua. Nimemwambia mwalimu asipokee wapya mpaka apate mwenzake, amekubali na anatafuta mtu. Kama unamfahamu kijana aliyesomea ualimu wa msingi yuko mtaani hana ajira na ana subira na watoto, mwelekeze huko wiki hii.