Tathmini: tairi la milimita 40 kwenye changarawe isiyoshindiliwa

Tairi ninalolitathmini hapa ni la upana wa milimita 40, la tyubulesi, yaani lisilotumia tyubu ndani, lenye kashata fupi zilizosongamana katikati na meno marefu kidogo pembeni. Ubavuni limeandikwa 40-622: namba ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha ile sehemu ya rimu ambayo tairi hukalia, zote kwa milimita. Watengenezaji kadhaa wana tairi la namna hii, na tofauti kati yao ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai, kwa hiyo nalizungumzia kama aina moja. Nililifunga kwenye baiskeli iliyokuwa ikitumia matairi membamba ya milimita 28, nikapita nalo katika barabara zilezile, ili nijue kama upana peke yake unamsaidia mtu anayekutana na kokoto zilizotapakaa njiani.

Unamsaidia, na msaada wenyewe ni mkubwa, ila unategemea sana upepo uliojazwa na aina ya changarawe. Mahali pa hatari zaidi ni pale ambapo tabaka jembamba la kokoto limelala juu ya udongo mgumu au lami, kwa mfano kwenye kona ambako magari yamezisukumia kokoto nje ya njia yao, au kwenye lami iliyomwagiwa kokoto wakati wa matengenezo. Hapo kila kijiwe huviringika chini ya gurudumu kama punje za maharage zilizomwagika sakafuni, na tairi jembamba halipati pa kushika. Changarawe nene ina tabia nyingine: gurudumu la mbele huzama, usukani huwa mzito, na baiskeli huanza kuvutwa upande. Katika hali hii ya pili tairi pana lilionyesha ubora wake waziwazi, kwa sababu lilipita juu ya kokoto pale ambapo lile la awali lilikuwa likichimba mfereji. Katika hali ya kwanza nafuu ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo.

Suala la upepo linastahili maelezo marefu kuliko mengine yote, kwani ndilo linaloamua kama fedha ya tairi hili imetumika vyema. Uzito wa mwendeshaji pamoja na baiskeli ukiwa kilo 85, gurudumu la nyuma hubeba takriban kilo 50. Kwa upepo wa bari 5 (bari, kama PSI, ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), eneo la tairi linalogusa ardhi huwa kama sentimita 10 za mraba. Ukipunguza hadi bari 2.5, yaani PSI 36 hivi, eneo hilo hufikia kama sentimita 20. Haya ni makadirio, kwa kuwa ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini yanatosha kueleza kwa nini tairi pana lililojazwa hadi likawa gumu kama chuma hudunda juu ya mawe na kuteleza karibu sawa na jembamba. Namba kubwa iliyochapishwa ubavuni ni kikomo cha usalama, na mtu anayeijaza yote akidhani ndiyo inayopendekezwa atalilaumu tairi bure. Mimi nimetulia kwenye bari 2.3 mbele na 2.5 nyuma, mwendeshaji mwepesi anaweza kushuka zaidi, na mwenye mizigo atahitaji kuongeza. Dalili ya kuwa umeshuka kupita kiasi ni mlio wa rimu kugonga jiwe, au mbele kuyumba unapoingia kona kwenye ardhi ngumu.

Nashauri pia kuwa na geji ndogo ya upepo inayopima viwango vya chini. Pampu nyingi za kusimamia zina geji inayofika bari 10 au 11, na sehemu yote ya kati ya 2 na 3 imebanwa kwenye kipande kifupi cha duara, kiasi kwamba unene wa mshale wenyewe unaficha tofauti unayoitafuta. Tofauti ya bari 0.3 kwenye changarawe huhisiwa mikononi.

Kuhusu meno, sina sifa nyingi za kutoa. Kwenye udongo wenye unyevunyevu na kwenye nyasi za kando ya njia, meno ya pembeni yanashika vizuri. Kwenye kokoto zinazoviringika, jino halina cha kung'ata, maana kile linachokishika nacho kinaondoka. Anayelinunua kwa kuvutiwa na kashata atazame kwanza upana.

Kuna mambo ambayo tairi hili haliyafanyi, na ni haki mnunuzi ayajue mapema. Halifupishi sana umbali wa kusimama kwenye mteremko wenye kokoto. Breki ya mbele ikikamatwa ghafla, gurudumu litateleza tu, liwe pana au jembamba. Mwendo bado unapaswa kupunguzwa kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, kisha vidole vilegezwe wakati wa kupinda, pedali ya nje ikiwa chini na imekandamizwa. Usukani ushikwe kwa mikono iliyolegea, kwa sababu baiskeli ikitikisika kidogo hujirudisha yenyewe, na anayeibana huizuia kujirekebisha. Macho yatangulie mbali kwenye mkondo wa magurudumu ya magari, ambako kokoto zimesukumwa pembeni. Kwenye mlima, anayesimama juu ya pedali huondoa uzito nyuma na gurudumu huzunguka bila kwenda. Kukaa kwenye kiti na kukanyaga kwa utaratibu kulinifikisha juu katika sehemu ambazo nguvu peke yake haikutosha.

Upande wa tyubulesi una faida na kero zake. Ndani huwekwa dawa ya pancha, mililita 40 hadi 60 kwa tairi la ukubwa huu, na kazi yake nimeiona kwa macho: mwiba ulitoboa, majimaji meupe yakaruka nje kwa mizunguko michache, kisha tundu likaziba na kuacha doa lililokauka. Kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na rimu, mtu anaweza kutumia upepo mdogo bila kuogopa ile pancha ya matundu mawili. Hata hivyo, dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache, upesi zaidi kwenye joto, na lazima iongezwe. Kulikalisha tairi jipya kwenye rimu kunahitaji upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, na pampu ya kawaida mara nyingine hushindwa; kompresa humaliza kazi kwa sekunde chache. Udhaifu mkubwa ni mbavu. Jiwe lenye makali likichana ubavu, dawa haizibi, kwa hiyo tyubu ya akiba na kipande cha ukanda mgumu wa kutia ndani ya mpasuko visikosekane kwenye mfuko. Baadhi ya matairi haya huuzwa pia yakiwa na mbavu zilizoimarishwa, mazito kidogo, na kwa barabara yenye mawe yaliyopondwa karibuni ningechagua hayo.

Kabla ya kununua, pima nafasi iliyopo kwenye foki na kwenye fremu nyuma ya pedali. Zinahitajika angalau milimita 5 kila upande, kwani tairi hubeba vijiwe na vikikosa pa kupita hukwangua fremu kila gurudumu linapozunguka. Kumbuka kwamba kwenye rimu pana, tairi la 40 linaweza kufika 42.

Kwenye lami linavuma kwa sauti ya chini na huchelewa kidogo kushika mwendo, jambo ambalo halikunikera. Mtu ambaye safari zake nyingi ni za lami, na changarawe anaikuta kwa vipande vifupi, atatosheka na milimita 32 au 35 kwa upepo wa wastani. Anayepita kila siku kwenye kokoto zisizoshindiliwa, na fremu yake ina nafasi, achukue 40 bila kusita.